Spika Mbili za Nyuma

Bungoma
Jumatatu, 6 Februari 2006

Kwa Fundi Wachira,

Hunijui. Naitwa Sellah, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bungoma. Jina lako na sanduku lako la posta nimevipata kwenye kadi iliyokuwa ndani ya katoni ya hom thieta. Hiyo hom thieta ilikuwa ya mume wangu, marehemu Mukhwana. Alifariki mwaka jana mwezi wa tatu katika ajali ya barabarani. Nakwambia mapema ili tusilazimike kurudi huko.

Nataka kuiuza. Ina deki, sabufa, spika mbili za mbele na ile ndogo inayokaa juu ya televisheni. Za nyuma hazipo. Aliinunua kipande kipande, na kila nilipomuuliza za nyuma ziko wapi alisema zinakuja.

Mnunuzi ni Wanyonyi, mwenye hoteli karibu na kituo cha reli. Mwezi wa sita kuna Kombe la Dunia na anataka wateja wake wasikie uwanja mzima. Lakini amesema hanunui kitu nusu. Anataka spika tano, na zote zifanane, zisionekane zimeokotwa huku na kule. Nimeuliza bei ya spika mpya za kampuni hiyo nikaona heri nikae nayo kama ilivyo.

Nina binti mmoja, Emmy, yuko kidato cha pili. Pesa za hom thieta ni za shule yake. Kwa hiyo niambie njia ya bei nafuu, kama ipo, na kama haipo useme haipo.

Nijibu kwa barua. Simu ninayo, lakini siku hizi sipendi kuongea kwa simu. Mtu akiniuliza habari nakosa la kusema, tunanyamaza wote wawili hadi pesa ziishe.

Sellah Mukhwana

---

Kitale
15 Februari 2006

Mwalimu Sellah,

Salamu nyingi kutoka Kitale. Huku asubuhi kuna baridi ya kukata masikio, na mchana jua linakuchoma kana kwamba halikuwa na habari ya hiyo baridi. Barua yako imefika. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Pole sana kwa mambo ya mzee. Pole sana, mwalimu.

Sasa tuongee spika. Wengi wanadhani za nyuma ni za kujaza nafasi tu. Si hivyo, bana! Ukitembea sokoni utaona vijana wanauza spika zimeandikwa wati elfu tatu. Elfu tatu wapi? Kuandika ni bure. Ukichukua hizo ukaweka nyuma, na mbele una zile zako, mtu kwa sinema ataanza kuongea akiwa Wachira, akizunguka nyuma ya kiti chako amekuwa Wakiuru. Wakiuru ni mke wangu, na sauti yake haifanani na yangu hata kidogo, ashukuriwe Mungu.

Lakini njia ya bei nafuu iko, usikate tamaa. Unatafuta seti ya kampuni ile ile ambayo deki imekufa. Watu wanazitupa. Unatoa koni zake, maana koni ndizo zinaimba, halafu fundi anazitengenezea boksi la mbao. Nafasi ya hewa ndani ya boksi iwe sawasawa na ile ya mbele, isizidi, isipungue. Hapo sauti inakuwa ya familia moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Geuza spika ya mbele, nyuma kuna kibandiko, unisomee namba ya ohm. Halafu toa kile kitambaa cha mbele upime koni ni inchi ngapi. Hizo mbili lazima zikubaliane, zisipokubaliana utachoma deki na Wanyonyi atakufuata na maneno.

Na siku zikifika utazijaribu hivi. Weka habari za redio, msikilize mtangazaji kwa spika za mbele peke yake. Halafu funga macho, mtu mwingine ahamishie sauti nyuma. Ukiona ni mtangazaji yule yule, fundi wako si mwongo.

Msalimie Emmy.

Fundi Wachira

---

Bungoma
23 Februari 2006

Fundi Wachira,

Ohm ni sita. Koni ni inchi nne. Emmy alipima kwa rula ya shule.

Umeniandikia kurasa mbili za spika na hukusema kama ulimjua mume wangu. Kadi yako ina mwandiko wake nyuma: "Ijumaa, mchana." Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Alikuwa akitoka Kitale, na hakuna mtu aliyenieleza alikuwa akifanya nini Kitale. Mimi aliniaga kwamba anaenda Webuye kuangalia mbolea.

Ulimwona siku hiyo?

Sellah Mukhwana

---

Kitale
3 Machi 2006

Mwalimu,

Habari njema. Koni nimezipata, mbili, inchi nne, ohm sita, kama ulivyotaka. Zilikuwa mahali tu. Saa zingine unatafuta kitu mbali na kumbe kiko chini ya meza yako.

Kuhusu mzee, wacha nikuambie ukweli wa kazi hii. Wateja ni wengi. Huyu analeta redio, yule analeta pasi, mwingine anataka tu kuchaji betri, na uso wa mtu unapita hivyo. Labda alikuja, labda hakuja. Kadi zangu nazigawa hata kanisani. Usinishike kwa neno.

Boksi nitazipaka rangi nyeusi ili zifanane na zile za mbele. Nyeusi ya kung'aa kidogo. Wanyonyi hataona tofauti.

Bei usiumize kichwa. Utalipa nauli ya mzigo kwa basi tu, basi. Tuseme ni zawadi ya Emmy.

Fundi Wachira

---

Bungoma
9 Machi 2006

Fundi Wachira,

Hakuna fundi anayetengeneza spika kwa nauli ya basi. Mimi si mtoto. Kama unanihurumia, huruma nimepewa ya kutosha, iko hapa nyumbani na sijui niiweke wapi. Na kama unaficha kitu, basi nitakwambia ninachojua, usihangaike kunilinda.

Mama yangu alinipa kabati siku ya harusi. Mbao ya Elgon tiki, milango miwili. Kwenye mlango wa kulia tulikuwa tukimpima Emmy kwa penseli kila mwaka shule zikifunguliwa, tunachora mstari, tunaandika darasa. Mchwa walilila kabati mgongoni hadi likawa halifai, lakini milango ilibaki mizima. Mwaka jana, mwezi wa pili, nilirudi kutoka shule nikakuta milango imeng'olewa. Mukhwana akaniambia iko kwa fundi, ningoje nitaona. Sikuona kitu. Baada ya mazishi niliwazungukia maseremala wote wa Bungoma, mmoja mmoja. Hakuna aliyeijua. Jirani yetu Chesang ndiye aliyeniambia kwamba alimkuta stendi, milango imefungwa kwa kamba, anapanda gari la Kitale.

Kwenye mfuko wa suruali aliyofia kulikuwa na karatasi. Mwandiko ni wake. "Urefu inchi kumi na mbili, upana nane, mbili, zifanane kabisa." Hakuna kingine.

Sasa elewa jambo moja. Mume wangu alizaliwa pacha. Kwetu Wabukusu wa kwanza anaitwa Mukhwana na wa pili Mulongo, na pacha hapewi kimoja. Ukimnunulia huyu shati, na mwenzake siku hiyo hiyo, shati lile lile. Mulongo alikufa wakiwa na miaka minne, lakini mama yao Nekoye hakuacha. Alinunua vikombe viwili, kaptura mbili, hadi Mukhwana akamaliza shule. Ndivyo alivyokua. Hata sweta akininunulia alileta mbili. Nilikuwa namtania kwamba nimeolewa na wanaume wawili kwa bei ya mmoja.

Kwa hiyo nikiona vitu viwili vidogo vya mbao, vya inchi kumi na mbili, vinavyofanana kabisa, najua ni nini. Ni vistuli. Ni vya watoto wawili, na watoto hao ni pacha. Ana mwanamke Kitale, na ana mapacha, na milango ya mama yangu iko huko inakaliwa.

Siku ya mazishi sikulia. Siku ya lufu, watu walipoketi kumzungumzia marehemu, waliniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Wanawake wa kwao wanasema nina moyo wa jiwe. Si jiwe, fundi. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa na unajua ni wako, lakini hausikii. Nafundisha, napika, nasahihisha madaftari. Juzi nilijichoma kwa sufuria nikaona malengelenge kabla sijasikia maumivu.

Sasa naomba kitu kimoja tu. Kama ulimwona Ijumaa ile, na kama unamjua huyo mwanamke, niambie jina lake. Sitamfuata. Nataka kujua kama mtu niliyeishi naye miaka kumi na saba alikuwa ananidanganya. Kujua hivyo tu. Spika zinaweza kungoja.

Sellah

---

Kitale
20 Machi 2006

Mama Emmy,

Mimi ni Wakiuru, bibi ya Wachira fundi. Hatujuani, na sijazoea kuandikia watu barua, kwa hivyo nitakuwa mfupi.

Barua yako ya mwisho ilifika Jumanne iliyopita. Tangu siku hiyo mume wangu haongei. Wewe humjui, lakini huyo mtu huongea hata akipiga mswaki. Ameketi kwa duka na mkebe wa rangi nyeusi. Anafungua, anakoroga, anafunga tena. Nimemuuliza, wewe unapaka ama unaipikia chai? Hakucheka.

Leo amenisomea barua yako yote. Halafu akaniambia jambo. Nimemwambia jambo hilo si la kuambia mimi, ni la kukuambia wewe. Nimempa wiki moja. Asipoandika, nitapanda gari nije Bungoma nikuambie kwa mdomo, na nitakuja nimebeba kile kiko chini ya meza.

Si lile unafikiria. Hilo naweza kukuambia kama mwanamke kwa mwanamke.

Wakiuru

---

Kitale
27 Machi 2006

Mama Emmy,

Hakuna mwanamke. Naanza hapo kabla sijaogopa. Hakuna mwanamke, hakuna mapacha, hakuna vistuli. Hizo inchi ni za spika. Ni zile spika za nyuma, na milango ya mama yako ndiyo boksi zake.

Mukhwana alikuja kwangu mwezi wa pili mwaka jana na ile milango mgongoni. Nikamuuliza, wewe bana, mke wako anajua? Akacheka. Akasema, "Sellah anasema hii hom thieta ni yangu peke yangu, ati nimemletea kelele nyumbani kwake. Nataka kuweka kitu chake ndani. Sauti ipitie kwa mbao ya mama yake, nione kama bado ataiita kelele." Akanionyesha ile pande ya penseli, akanikataza kuipiga msasa. Alitaka kukushtua nayo. Webuye na mbolea ilikuwa ni hiyo.

Sasa Ijumaa.

Nilikuwa nimemwahidi Ijumaa mchana, spika zote mbili tayari. Lakini Alhamisi mpwa wangu Mbugua alikuwa anapeleka mahari, na mimi kama mjomba singekosa. Nilienda, nikala nyama, nikasahau kazi. Boksi moja ilikuwa imekamilika tangu Jumatano. Ya pili ilikuwa bado vipande. Nikaipaka gundi Ijumaa saa nne asubuhi, nikaikaza kwa klempu, nikaomba Mungu mteja achelewe.

Alifika saa sita kamili. Amevaa shati ya kutoka, amefurahi.

Nikamwambia, chukua hii moja iliyokauka, nyingine nitakutumia kwa basi. Akanitazama kama nimemwambia abebe mtoto mmoja na mwingine amwache stendi. Akasema, "Fundi, mimi ni Mukhwana. Siwezi kuingia nyumbani na moja." Mimi nikadhani ni mzaha. Sisi kwetu hatuna hiyo. Hayo mambo ya Mulongo nimeyajua kwa barua yako, haki ya Mungu.

Akakaa kwa stuli yangu. Akaniuliza, "Itashika saa ngapi?" Nikamwambia, bado kidogo.

Mama Emmy, ile gundi inataka siku nzima na usiku wake. Mimi ni fundi, najua. Ningemwambia saa ile ile, "Nilikukosea, rudi Jumatatu," angenitukana kidogo, angepanda gari la saa saba, angefika kwako akanywa chai. Lakini sikutaka aende akisema Wachira si mtu wa kuaminika. Saa nane akauliza, nikamwambia bado kidogo. Saa kumi akauliza, nikamwambia bado kidogo. Alikuwa ananiamini, hata akanishikia taa nikitengeneza redio ya mtu mwingine. Tulikunywa chai pamoja. Aliniambia juu ya Emmy na hesabu. Saa kumi na mbili na nusu nikafungua klempu mbele yake na boksi ikaachana, na ndipo nikasema arudi Jumatatu. Hakunitukana. Alisema, "Basi ziweke pamoja, usizitenganishe." Akaenda hivyo, mikono mitupu.

Magari ya Bungoma yalikuwa yamekwisha. Akapewa lifti kwa lori la mahindi. Nilisikia Jumamosi kwa mteja wa Kiminini kwamba lori limeanguka huko Kamukuywa, na kwamba wamekimbiza watu hospitali ya Lugulu, na kwamba mmoja ni wa Bungoma, hakufika akiwa hai. Nilijua ni yeye kabla hajataja shati.

Sikuja mazishi. Nilimaliza ile ya pili, nikaziweka zote chini ya meza, nikafunika na gunia. Mwaka mzima miguu yangu inagusa gunia kila siku nikifanya kazi. Barua yako ikaja ikiuliza spika mbili za nyuma, zifanane. Nikajifanya natafuta koni. Rangi nyeusi ilikuwa ni ya kuficha mbao, hakuna kingine. Nilifikiri nitakupa spika, wewe upate pesa ya shule, mimi nipate usingizi, na hakuna mtu ataumia.

Halafu ukaandika vistuli. Nikaona kumbe kimya changu kimemuua mara ya pili, na hii mara ni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Spika ziko kwa basi la Jumatano. Sijazipaka rangi. Usilipe kitu, yeye alishamaliza kunilipa. Sikuombi msamaha kwa sababu sijui ningeuomba namna gani.

Wachira

---

Bungoma
Jumatano, 19 Aprili 2006

Fundi Wachira,

Spika zilifika. Emmy alizitoa kwenye gunia, moja, nyingine, akaziweka juu ya meza. Ubavuni mwa moja kuna penseli, "Emmy, darasa la ta," halafu mbao imekatwa. Ya pili ina mistari miwili bila maneno. Ile yenye maandishi umeiunganisha kichwa chini, mtu anasoma akiinamisha shingo. Si neno. Emmy alisoma, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Mimi nilikaa pale pale sakafuni.

Nilikuwa nimekwisha kumsomea barua yako. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mama, wewe ulimwambia kweli ni kelele." Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi.

Tulizijaribu kama ulivyoelekeza. Emmy aliunganisha waya, akaweka habari za saa saba. Kwanza mbele. Halafu nikafunga macho, akahamishia nyuma. Akaniuliza, "Sasa ni ipi?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Alikuwa ni mtangazaji yule yule. Kazi yako ni nzuri, fundi, hilo nitalisema kwa mtu yeyote.

Najua unangoja nikuchukie. Nimengoja pia. Bado chuki haijaja. Labda niliimaliza yote kwa mwanamke wa Kitale. Nilimpa uso, nilimpa nguo, nilijua hata anavyocheka. Mwaka mzima nilikuwa na yeye jikoni, na mume wangu nilimwacha kwao Sirisia peke yake chini ya udongo. Chuki ikija nitakuandikia. Na nikisamehe pia nitakuandikia. Sitakuficha.

Pasaka nilienda Sirisia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Mama mkwe Nekoye alitandika meza, na kando ya kikombe changu akaweka kingine, mazoea yake. Nikamweleza kwa nini Mukhwana alichelewa siku ile. Nikamweleza kwamba alikataa kubeba moja. Alishika kile kikombe kitupu, akakigeuza geuza. Kisha akasema, "Ningemfundisha kuchukua kimoja." Alisema hivyo tu, akainuka kwenda kuangalia kuku.

Nilitoka nikaenda kaburini. Nyasi zimeota. Nilimwambia kuhusu vistuli, nikamwomba anisamehe, na hapo ndipo nililia. Sikulia sana. Unajua ganzi ikianza kutoka mguuni inavyochoma, unatamani heri ingebaki. Ilikuwa hivyo. Wale wanawake wa kwao walikuwa wakichuma mboga upande wa pili wa ua. Wakaniona.

Sasa biashara. Wanyonyi alikuja akachukua deki, sabufa na spika za mbele. Hizi mbili sikumpa. Amelalamika sana, ati nimemgeuka, ati tulikubaliana tano. Nikampunguzia bei. Karo ya muhula huu imepatikana, ya muhula ujao tutaona. Hizi ziko chumbani kwangu, bila waya, moja kila upande wa kitanda. Emmy anasema ni kichekesho, spika zisizosema kitu. Mimi naona zimesema ya kutosha.

Wanyonyi bado anataka za nyuma, zifanane na za mbele, na kwa bei nafuu. Nimempa kadi yako. Atakuja kwako wiki ijayo, Ijumaa mchana. Mtengenezee vizuri, tumia mbao yako, na hizo unaweza kuzipaka rangi nyeusi.

Lakini akifika ukute gundi haijakauka, usimwambie bado kidogo. Mwambie ukweli saa ile ile, arudi nyumbani kungali mchana.

Sellah Mukhwana